Nimefunga sola, redio imejaa kelele

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Nkuhungu, Dodoma. Redio yangu ya betri ilikuwa inashika masafa mafupi vizuri tu kila usiku. Tangu nifunge sola, jioni nikiwasha taa ni mngurumo mtupu kwenye bendi za mita 49 na 41. Nikaambiwa antena ni fupi, nikatandika waya wa mita 15 juu ya bati; kelele zikazidi. Mchana nako mita 49 kimya. Halafu karibu na 7.1 MHz nasikia watu wanaongea kama bata. Redio ndiyo imekufa?

JIBU: Redio ni nzima. Huo waya ushushe kwanza. Antena haichagui: inaleta stesheni pamoja na uchafu wa umeme, na wewe umeilaza sambamba na nyaya za paneli. Tena redio ndogo ukiipa waya mrefu kupita kiasi huzidiwa, stesheni zikaanza kupandiana.

Dalili yako kubwa ni hiyo ya jioni. Kontrola ya chaji husumbua zaidi mchana, kwa sababu ndipo inapokatakata umeme wa paneli kwa kasi ili kujaza betri. Jua likizama hutulia. Kwa hiyo usiku naishuku inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa taa za nyumbani, au saketi iliyomo ndani ya balbu za LED, hasa zile za bei chee zisizo na kichujio.

Pima hivi. Redio iwe kwenye betri zake, si adapta, na uiweke mahali pasipo na stesheni ndani ya mita 49. Zima taa zote, inveta iendelee kufanya kazi. Mngurumo ukibaki, zima na inveta usikie. Mngurumo ukiwa umekatika ulipozima taa tu, washa balbu moja moja huku redio ukiisogeza karibu na kila moja. Yenye kosa itajitaja. Kila kitu kikiwa kimezimwa na bado kunanguruma, toka na redio hadi barabarani: huenda ni kwa jirani.

Ukilazimika kufungua nyaya za kontrola, toa nyaya za paneli kwanza, za betri baadaye. Kurudisha, anza na betri. Wengi hufanya kinyume, na kontrola nyingine huungua hapohapo.

Balbu mbovu badilisha, dawa nyingine ni kupoteza muda. Kama ni inveta, sokota waya chanya na hasi za betri pamoja, ziwe fupi, na waya unaotoa umeme kwenye inveta uuzungushe mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, ile nyeusi ya kuzuia kelele. Kisha waya wa antena wa mita 5 hadi 7 uvute kuelekea mwarobaini ulio mbali na bati. Usiufunge kwenye nguzo ya umeme, na mvua za Desemba hadi Aprili uchomoe kabla radi hazijakaribia.

Kimya cha mchana si ubovu. Jua hujenga tabaka D angani, nalo hunyonya masafa ya chini kama ya mita 49; usiku hutoweka. Mchana panda bendi za mita 19 au 16, ambazo masafa yake ni ya juu zaidi.

Hao bata ni wanaredio wa ridhaa (amateur) wanaotumia SSB, namna ya kurusha sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi. Redio ya AM pekee haiwezi kuwanyoosha; tafuta yenye kitufe cha SSB, na kwa 7 MHz uchague LSB, yaani upande wa chini. Ukitaka kuwajibu, hapo utahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na jina la kuitia linaloanza na 5H.