Wasusi na vinyozi wapya Kigoma: sio kila baka kichwani ni mapunye

Mnaoanza kazi ya saluni hapa Kigoma, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji, hili la mabaka lishikeni mapema. Unafumua rasta za mteja unakutana na duara halina unywele hata mmoja, basi saluni nzima inaamua hayo ni mapunye, au karogwa. Angalia kwanza jamani. Mapunye ni fangasi, yana magamba, yanawasha, nywele zinakatikia juujuu na yanaambukiza, hasa watoto. Lakini ukikuta ngozi laini kabisa, haina gamba wala kidonda, na pembeni ya duara kuna vinywele vifupi vyembamba shinani vinene juu, hapo fikiria alopesia areata. Hiyo ni kinga ya mwili yenyewe inashambulia mizizi ya nywele, haiambukizi, kwa hiyo usimnyime mtu kiti wala usimseme kwa sauti wateja wengine wasikie, inauma sana.

Na wala sio ya nadra, kwenye watu 100 wawili hivi wanaipata maishani, wengi inawaanza kabla ya miaka 40, watoto wamo.

Sasa kinachonifanya nisisitize hospitali ni kwamba wenye alopesia areata wako kwenye hatari zaidi ya wengine kupata shida ya tezi ya thairoidi pale shingoni, vitiligo (mabaka meupe ya ngozi), pumu, pumu ya ngozi, wengine lupasi (kinga kushambulia viungo vya mwili wenyewe). Sio wote, msimtishe mtu! We muulize taratibu tu, dada siku hizi unachoka sana? Umenenepa au kukonda bila sababu? Unasikia baridi wenzio wanatoka jasho? Ukimfanyia kucha ziangalie, zikiwa na vishimo vidogovidogo kama zimechomwa sindano mwambie amwonyeshe daktari. Aanzie hata hospitali ya Maweni, waangalie na tezi kama dalili zipo.

Spiriti na vitunguu saumu msimsugue, mnamuunguza bure. Mzizi haujafa, mwenye mabaka machache mara nyingi nywele zinarudi ndani ya mwaka hata bila dawa, zinaweza kuanza nyeupe asishtuke, na hospitali kuna sindano ndogondogo za steroidi, dawa ya kutuliza kinga, zinachomwa palepale kwenye baka. Akitaka kusuka msuke mistari mikubwa isiyovuta, baka lifunike na nywele za pembeni, na picha usimpige mpaka akubali.