Kamera nzima, seva imezimwa

Kaka, umeuliza kama ni sawa kifaa cha zamani kiendelee kutegemea seva ya kiwandani, yaani kompyuta ya kampuni iliyokitengeneza, inayofikiwa kwa intaneti. Kwangu si sawa, labda kwa kazi isiyowezekana kabisa bila hiyo seva. Kamera yangu ya getini hapa Tabata niliinunua Kariakoo. Inawaka, taa ya kijani inapepesa, waifai inashika, lakini programu ya simu inazunguka weee, mwisho inaandika "imeshindwa kuunganisha". Simu na kamera ziko nyumba moja, hatua kumi tu, ila picha mpaka izungukie kwenye seva ya ng'ambo, ambayo sasa imezimwa, ndiyo irudi sebuleni! Fundi kaifungua, kasema haina ubovu wowote. Hela yake nikamlipa, kwa kuambiwa kamera ni nzima.

Na si vya bei chee tu. Revolv, kile kiboksi cha kuongozea taa na vifaa vya nyumbani, kiliuzwa Marekani kwa karibu dola 300. Kampuni ya Nest, iliyokuwa imeinunua kampuni ya Revolv, ikazima seva Mei 2016, kiboksi kikabaki kopo. Wenye saa janja za Pebble walipona: Fitbit, kampuni iliyokuwa imeichukua Pebble, ilipozima seva mwaka 2018, watumiaji wenyewe walikuwa wameandaa huduma mbadala, Rebble.

Ukienda dukani, mwambie muuzaji achomoe laini kwenye ruta kisha akuonyeshe picha. Kamera yenye kadi ya kumbukumbu na inayokubali RTSP au ONVIF (njia za wazi za kupata picha moja kwa moja kutoka kwenye kamera) utaiona nyumbani hata bando likiisha. Akianza kujiumauma, rudisha hela mfukoni.