Paka Kuinua Kichwa Si Kuamka

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kunasa, kuhasi na kurudisha paka, iwe Lamu au Mji Mkongwe: kisu ni cha daktari, ila saa zinazofuata ni zenu. Na makosa ni yaleyale kila kambi.

1. Mtego. Chambo kiwe kidogo, dagaa au kipande cha jodari, nyuma kabisa ya kibao cha kukanyaga. Anayewalisha asiwape chakula usiku wa kuamkia kunasa. Paka akishanaswa, funika mtego kwa kitambaa papo hapo, atatulia.

2. Chuchu. Manyoya yakiwa yamelika kuzizunguka, huyo ananyonyesha. Mwambie daktari mapema ili ampasue ubavuni, si tumboni penye maziwa, na awe wa kwanza mezani. Msimwachie aende bila kufungwa kizazi. Hata akinyonyesha hushika mimba.

3. Kuamka. Hapa nawasihi, jamani! Ketamini, dawa ya usingizi, humwacha paka macho wazi, akiinua kichwa na kupepesuka, nanyi mnashangilia kwamba yuko tayari. Hayuko. Mlaze kwa ubavu, shingo imenyooka, ulimi usizibe koo, mgeuze kila dakika 15 au 20. Joto la pwani lisiwadanganye: tumbo limenyolewa, limepakwa spiriti, sakafu ni ya vigae, na mwili chini ya nusukaputi haujipashi moto. Akipoa, dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi na moyo hulegea. Tandika magazeti na taulo. Chupa ya maji ya moto izungushiwe kitambaa, maana hawezi kujisogeza ikimuunguza. Inua mdomo utazame ufizi: waridi ni salama, ukipauka huku mshono ukivuja mfululizo, mwite daktari saa hiyohiyo, pengine fundo limeachia ndani. Asipewe maji wala chakula mpaka asimame bila kuyumba, kwani akitapika na bado amelewa, matapishi huingia mapafuni. Wala msiwaweke wawili mtego mmoja kwa kubana nafasi: wa kwanza kuamka humrarua mwenzake, au mzito humlalia mwepesi akakosa pumzi.

Alale kwenu angalau usiku mmoja, kisha mrudisheni palepale aliponaswa. Mama anayenyonyesha ndiye pekee wa kuharakishwa, akishaamka kabisa, maana vitoto vinamsubiri.

4. Sikio la kushoto likatwe ncha, kama sentimita 1, akiwa bado usingizini. Bila alama hiyo jike hufanyiwa upasuaji mara mbili bure. Shume aliyehasiwa hubaki na mbegu wiki kadhaa, kwa hiyo msimtupie lawama daktari mimba ikitokea mwezi huo.

5. Malizeni kundi moja kabla ya kuhamia mtaa mwingine. Majike wawili mliowaruka watajaza nafasi mwaka huohuo.

6. Ukiumwa au kuparuliwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama paka mwenyewe anaonekana mzima.