Kabla ya kusema ni jini mahaba, muulizeni mwari

Wiki hii mmeuliza kama yaliyompata mtoto wa kike utotoni yanaweza kumfuata mpaka kwenye ndoa yake. Mie jibu langu ndio, tena sana, na nasema hivyo kwa sababu kazi yangu ni usomo, kuwafunda wari kabla ya ndoa, na wari wengi wa hapa Wete wamepita mikononi mwangu, na nayaona mambo ambayo mama mtu hayaoni na bwana harusi ndo kwanza hajayakuta.

Nikimpaka mwari singo, yale manukato ya kumsugulia mwili, mikono, mgongo, miguu, huwa tunapiga stori tunacheka. Sasa wapo wengine ukifika mabegani tu mwili unakaza, pumzi kaibana, macho kayakodoa juu ya dari, unamwita jina haitiki mpaka umwite tena. Hiyo si haya. Mwenye haya namjua, atajikunyata atacheka atavuta kanga ajifunike. Huyu hacheki, huyu hayupo pale kabisa, kaniachia mwili tu. Halafu asubuhi ya fungate unagonga mlango na uji wako unamkuta kalala na nguo zake zote kajibana ukutani, mume kakaa kwenye kiti hajui kakosa nini.

Basi maneno yanaanza. Ana jini mahaba, hataki mume. Atasomewa, atanyweshwa kombe la aya, atafukizwa, mume ataambiwa avumilie, baada ya miezi talaka. Kisomo mie sikikatai, Qur-ani ni tiba, lakini katika watu wote waliojazana chumbani mule hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwari, mwanangu, kuna mtu alikufanyia kitu ulipokuwa mdogo? Hawaulizi kwa kuwa wanaliogopa jibu. Jibu linaweza kuwa ami yake, au jirani, na muhali wetu wa kuoneana haya tunaujua, mambo yalimalizwa nyumbani, mtoto akaambiwa anyamaze asitiriwe, na yule bwana mpaka leo Idi anakuja anakula biriani na watu.

Binti yangu anasomea unesi na yeye ndo alonifahamisha vizuri. Mtoto akiwa anatishwa mara kwa mara ubongo unazowea kukaa macho saa zote, na asipoweza kukimbia wala kupigana basi mwili unaganda, ndo kinga iliyombakia. Miaka inapita, akili inajua huyu ni mume wangu wa halali, mwili haujui, unachosikia ni mkono gizani. Wengine mpaka misuli ya ukeni inajifunga wenyewe hawataki, tendo linakuwa maumivu matupu, na hilo lina matibabu yake hospitali, wanawake wanateseka nalo bure tu. Marekani, Felitti na Anda na wenzao walitoa utafiti 1998, waliwauliza watu zaidi ya 9,000 mambo ya utotoni, kupigwa, kudhalilishwa, kuona mama anapigwa, wakakuta kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za mateso ndo sonona na maradhi ukubwani yanavyozidi.

Na msidhani nasema udhalilishaji wa kingono peke yake. Sisi talaka zetu nyingi, mtoto leo yuko kwa bibi, kesho kwa mama wa kambo, mara kwa shangazi Unguja, hakuna aliyemwambia anahamishwa kwa nini. Kuna bibi mtafiti, Mary Ainsworth, miaka ya 1950 alikuwa hapo Uganda akiwatazama kina mama na watoto wao wachanga, akaona mtoto aliye na uhakika na mama yake ndo anayethubutu kumwacha akenda kucheza mbali kisha akarudi. Asokuwa na uhakika huo akiolewa mume akichelewa baharini simu haziishi, kosa dogo tu anadai talaka yeye mwanzo kabla hajaachwa. Na mwengine kinyume chake, anapigwa anang'ang'ania, kwa vile tangu mdogo mapenzi na hofu vilimjia pamoja. Tafiti nyingi zinaonesha aliyeumizwa utotoni ana hatari zaidi ya kuja kupigwa na mume, halafu watu barazani wanasema kapenda mwenyewe. Hilo linaniuma sana, wallahi.

Mie nawaomba masomo wenzangu tuulize. Si mbele ya shangazi zake, si siku ya hina nyumba imejaa, mapema, mko wawili tu, na akinyamaza usimlazimishe, mwambie nipo. Akiridhia mwenyewe, mume aambiwe lile linalomuhusu tu, kwamba asimguse ghafla, amuulize kwanza, taa iwake na komeo lisitiwe mpaka yeye aseme. Wapo waume waliokubali bila ya shida, wakakaa wanazungumza usiku baada ya usiku, na ndoa hizo zipo na watoto wameshapatikana. Na anayehitaji zaidi ya somo, kituo cha Mkono kwa Mkono kipo hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja tangu 2011, huku Pemba kipo hospitali ya Chake, daktari, mshauri nasaha na polisi anawakuta pamoja. Akiona tabu kwenda peke yake mie nafuatana naye, na njiani simuulizi kitu.