Maswali ya Wasomaji: Usingizi wa Mtoto Hemani

Likizo ya Juni inapokaribia, barua za wasomaji wa safu hii huanza kuuliza habari za safari. Mwezi huu tumechagua zile zinazohusu jambo moja, yaani jinsi ya kumlaza mtoto mchanga au mtoto mdogo pale familia inapolala kwenye hema badala ya nyumba.

SWALI: Salaam. Ndugu wa mume wangu wamepanga safari ya familia kwenda Kolo, wilayani Kondoa, kuona michoro ya kwenye miamba, na tutalala hemani usiku mbili mwishoni mwa Juni. Nina mtoto wa miezi minane anayenyonya na mwingine wa miaka mitatu. Huyu mdogo nyumbani hanisumbui, lakini tukienda ugenini hulia hadi alfajiri. Wifi yangu anasema nimnyime usingizi wa mchana ili usiku alale kama gogo. Je, nimsikilize? Na watoto hawa niwalazeje? (Mama wa Wawili, Ipagala, Dodoma)

JIBU: Mama, wifi yako anakutakia mema, lakini katika hili usimsikilize. Mtoto mchanga aliyepitiliza saa yake ya kulala hapati usingizi mzito, bali huchangamka kupita kiasi, hukataa titi, hujinyonganyonga mikononi, na hata akilala hushtuka baada ya muda mfupi akilia upya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaeleza kwamba mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku nzima, na wa miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 hadi 13, na katika hesabu hiyo usingizi wa mchana umo. Kinachomsaidia mtoto alale ugenini ni kuukuta utaratibu wa nyumbani umemfuata, na kazi ya kuuandaa huisha kabla jua halijazama.

Anzeni na saa ya kuondoka. Kolo iko takriban kilometa 180 kaskazini mwa jiji la Dodoma, na mtoto wa miezi minane akishaingia kwenye gari na kusikia mtikisiko wa barabara hulala bila kubembelezwa. Mkiondoka saa nane mchana atalala hadi mfike, kisha saa mbili usiku, wakati nyinyi mmechoka, yeye ndiyo kwanza anatafuta wa kucheza naye. Ondokeni asubuhi, ili usingizi wa garini uwe ndio ule wa kabla ya mchana aliouzoea. Jihadhari vilevile na mbeleko. Njia za kupanda hadi kwenye michoro hiyo, iliyotambuliwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, zina miinuko mikali, na bila shaka mdogo atapanda akiwa mgongoni. Basi pandeni asubuhi ya siku ya pili, wala si saa kumi alasiri, maana usingizi wa mgongoni wa saa kumi na moja jioni hulipwa usiku wa manane.

Hema lisimamishwe mapema, ikiwezekana ifikapo saa kumi, na watoto waachwe waingie na kutoka, walale chini, wafungue na kufunga zipu mpaka wachoke nayo. Ningependa hata mlisimamishe uani kwenu siku chache kabla ya safari na kuwalaza humo usingizi mmoja wa mchana, jua likiwa bado si kali. Harufu ya turubai na mwanga unaopenya kwenye kitambaa ni vitu vigeni kwa mtoto, na ni afadhali avizoee akiwa karibu na mlango wa nyumba yake. Mnaposafiri, chukueni shuka lile lile analolalia bila kulifua, ili libaki na harufu ya kwao, na kanga ile ile unayomfunikia wakati wa kunyonya. Ikifika jioni, fuata mpangilio wako wa kila siku bila kuruka hata hatua moja: kama kwenu ni kumfuta mwili kwa maji ya uvuguvugu, kumpaka mafuta, kumnyonyesha, kisha kumwimbia, basi na kule iwe hivyo hivyo, hata kama ndugu wengine ndio kwanza wanaweka nyama motoni na kukuita ukae nao.

Sasa tuje kwenye baridi, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowaliza watoto wengi hemani huku wazazi wakidhani ni ugeni. Juni na Julai ni miezi ya kipupwe. Dodoma mjini, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku wa miezi hiyo hushuka hadi karibu nyuzi 13 au 14 za sentigredi, na huko Kolo, kwenye vilima vya Irangi, mwinuko ni mkubwa zaidi. Mtoto analala vizuri saa mbili usiku kwa sababu ardhi bado ina joto la mchana. Kuanzia saa tisa usiku hadi alfajiri ardhi hiyo hiyo huanza kumnyonya joto kutoka chini. Mzazi huongeza blanketi juu, kumbe tatizo liko chini. Tandikeni turubai, juu yake mkeka, juu ya mkeka blanketi zito lililokunjwa, ndipo lije godoro jembamba la sifongo lililo gumu kiasi. Godoro la kujaza upepo msimwekee mtoto wa miezi minane, kwa kuwa hewa iliyo ndani yake hupoa pamoja na ardhi, na ulaini wake unaweza kumfanya azame uso na kukosa pumzi.

Mdogo mvalishe nguo tabaka kwa tabaka, yaani fulana ya pamba inayobana mwili, nguo ya kulalia ya mikono mirefu, sweta lisilo na kamba wala kofia ya kuning'inia, na soksi. Usimrundikie mablanketi, na usimwekee mto, kwa sababu mtoto aliye chini ya mwaka mmoja anaweza kufunikwa uso na vitu hivyo asiweze kujinasua. Alazwe chali kila mara. Ukitaka kujua kama ana baridi, usimshike vidole, maana vidole vya mtoto hupoa hata akiwa mzima. Ingiza mkono nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa na joto kavu, mwache. Pakiwa na jasho, mpunguzie nguo moja, kwa kuwa joto kupita kiasi nalo ni hatari kwa mtoto mchanga.

Kuhusu mpangilio wa kulala, kanuni iliyo salama zaidi ni mtoto awe na sehemu yake tambarare pembeni yako, anapofikika kwa mkono. Najua kwamba kwenye hema la watu watatu au wanne hilo huwa gumu na kwamba akina mama wengi hulala na watoto wao hata nyumbani. Kama italazimu alale nawe, basi awe upande wako wa nje, si katikati yenu wawili, na asigusane na ukuta wa hema, ambao alfajiri hulowa kwa mvuke wa pumzi zenu. Yule wa miaka mitatu alale upande wa baba yake, asije akamgeukia mdogo usingizini. Aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa za kuleta usingizi asilale na mtoto mchanga kabisa. Na hata iwe baridi namna gani, acheni dirisha la juu la hema wazi kidogo, likiwa limefunikwa na wavu wake.

Jambo dogo la mwisho kwako, ambalo wengi hulisahau: nepi. Nepi iliyokaa kwenye begi saa kumi usiku ni baridi kama ardhi yenyewe, na ikigusa makalio ya mtoto aliyekuwa nusu usingizini, humwamsha kabisa. Weka nepi mbili na kitambaa cha kufutia ndani ya blanketi lako, karibu na tumbo, tangu unapojilaza, na umbadilishe unapomnyonyesha kabla hajalia, kwa mwanga wa tochi iliyofunikwa na kitambaa. Usiwashe simu mbele ya uso wake.

SWALI: Mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu hulala mchana kuanzia saa saba. Kambini tulimlaza hemani saa hizo, akaamka amelowa jasho na mwekundu wa macho. Tatizo ni nini? (Baba Mlezi, Kisasa, Dodoma)

JIBU: Tatizo ni hema, ndugu yangu. Hema lililofungwa chini ya jua la Dodoma hupata joto kuliko hewa ya nje, na mtoto anaweza kuishiwa maji mwilini akiwa amelala kimya. Mchana mlazeni nje kivulini, juu ya mkeka, chini ya chandarua kilichofungwa kwenye matawi, mtu mzima akiwa amekaa hapo hapo. Chagueni mti kwa uangalifu. Mbuyu huvutia kila mgeni, lakini mibuyu mikongwe huwa na mapango ambamo nyuki hujenga, kwa hiyo ukaguzi wa shina uje kabla ya kutandika mkeka.

SWALI: Tulipiga kambi jirani na bwawa la Mtera. Usiku viboko walikoroma, na binti yangu wa miaka minne tangu hapo anakataa hata neno hema. Tunarudi huko Septemba na babu yake. Tufanye nini? Pia mbu walikuwa wengi mno. (Mama wa Binti, Nkuhungu, Dodoma)

JIBU: Mtoto wa miaka minne haogopi sauti kwa ukubwa wake, huogopa sauti isiyo na mwenyewe. Ukimwambia "hakuna kitu, lala", unamwacha peke yake na kitu alichokisikia kwa masikio yake. Mwambieni ukweli mchana: huyu ni kiboko, anakaa majini mchana, usiku hutoka kula majani, na sisi tumeweka hema mbali na njia yake. Kisha hilo la mwisho liwe kweli, maana kiboko anayerudi majini akikuta watu njiani ni mnyama wa kuogopwa na wakubwa pia. Ulizeni wenyeji na wahusika wa kambi mahali panaporuhusiwa, wala msisogee ukingoni kwa ajili ya mandhari. Babu akiwapo una bahati, kwani babu anayejua kuiga sauti ya fisi, bundi na kiboko kabla ya kulala anaweza kuugeuza usiku mzima kuwa mchezo wa kukisia. Mpeni binti tochi yake mwenyewe, na alale ukutani pasipo na mlango.

Septemba katikati ya nchi ni mwezi wa upepo, na turubai linalopigapiga huamsha watoto kuliko mnyama yeyote. Upepo huo mara nyingi hutoka mashariki na kusini-mashariki. Mlango uelekezeni upande wa pili, kazeni kamba zote kabla ya kulala, na msisimamishe hema ndani ya korongo, hata kama mchanga wake ni laini, kwa sababu hewa baridi hushuka na kutulia huko.

Kuhusu mbu, wanaoambukiza malaria huuma zaidi usiku, kwa hiyo wavu wa hema ukaguliwe matundu ukiwa nyumbani, zipu ifungwe kuanzia machweo, na kama wavu una mashaka tundikeni chandarua chenye dawa ndani ya hema. Dawa za kujipaka zenye DEET, yaani kemikali ya kufukuza mbu, hazitumiki kwa mtoto wa chini ya miezi 2, na zile za mafuta ya mkaratusi wa limau hazitumiki chini ya miaka 3. Kwa mtoto mkubwa pakeni kidogo, msipake viganja wala karibu na macho. Dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe ndani ya hema. Homa yoyote katika majuma yanayofuata safari ipimwe malaria.

SWALI: Je, tunaweza kuingiza jiko la mkaa hemani kwa nusu saa tu, lipashe joto, kisha tulitoe kabla watoto hawajalala? (Msomaji, Kondoa)

JIBU: Hapana. Mkaa unaowaka, hata ule uliobaki makaa mekundu yasiyo na moshi, hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi na huua mtu akiwa usingizini. Kitambaa cha hema hakiitoi haraka kama watu wanavyodhani. Jazeni maji ya moto kwenye chupa ngumu yenye kifuniko madhubuti, ifungeni kwa kanga, iwekeni kitandani kabla ya mtoto kulala, na muitoe anapoingia.

SWALI: Jirani yangu huwapa watoto kijiko cha piritoni kila wanaposafiri, wanalala moja kwa moja. Ana makosa? (Shangazi, Makulu, Dodoma)

JIBU: Ana makosa, shangazi, na naomba umwambie kwa upole lakini bila kuzungukazunguka. Dawa hiyo ni ya mzio, na usingizi ni athari yake ya pembeni. Baadhi ya watoto huwachangamsha badala ya kuwalaza, na kwa mtoto mdogo inaweza kupunguza nguvu ya kupumua, mahali ambapo kituo cha afya kiko mbali na hema lina giza. Mtoto anayeitumia kwa maelekezo ya daktari aendelee na kipimo chake kile kile. Aliyepewa kuliko kipimo, akawa haamshiki vizuri au anapumua kwa shida, apelekwe kituo cha afya usiku huo huo, na chupa ya dawa ichukuliwe ili mganga aone ni dawa gani na imepungua kiasi gani.