Zaitun mwanangu, kuhusu swali lako la kurudi

Zaitun mama, asalaam aleikum.

Ujumbe wako niliusoma jana baada ya isha, leo asubuhi nikausoma tena na miwani. Unasema lile jaa la taka la Kampala kule Kiteezi limeporomoka Jumamosi hii ya Agosti 2024, watu wanafukuliwa kwenye takataka, wewe uko Nungwi, Zanzibar, na wenzako wa kazini, likizo bado haijaisha, tiketi kubadilisha ni pesa, halafu Swaleh amekujibu vibaya kwenye status kwa ile picha yako ya baharini. Sasa baba nirudi au nikae? Ndiyo hivyo? Nakuandikia kirefu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na nikirekodi sauti mama yako anaingilia.

Ya picha tuyamalize haraka. Uliiweka asubuhi hujasikia kitu, na mtu asiyejua hana kosa. Swaleh mwenyewe Jumamosi hiyo alikuwa arusini Mukono anakula pilau, yeye alimfukua nani? Mwache. Tena kama kosa ni kufurahi wakati wengine wanakufa basi mimi ndo nianze kuhukumiwa, maana nilishangilia bao la Iniesta kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 2010.

Mnajua kwamba mabomu ya Kampala ya 2010 yalipasuka mimi niko Mombasa, hilo mnalijua nyote, na jina la Mombasa nililopewa kambini kwetu polisi mnalijua, ingawa wewe na Hamza mlikua mkidhani ni sababu ya Kiswahili changu. Hapana. Kiswahili changu ni cha kambini tu. Jina lilitoka kwenye likizo.

Likizo yenyewe nilikuwa naisubiri toka CHOGM, ule mkutano wa Jumuiya ya Madola wa 2007, kila nikiomba kuna wageni wanakuja, barabara zifungwe, trafiki wote kazini. Mwaka ule mkutano wa Umoja wa Afrika ulikuwa unakuja Munyonyo Julai hiyohiyo, nikaambiwa haya nenda sasa hivi, urudi kabla wakubwa hawajafika. Nikapanda basi mpaka Changamwe kwa baba yako mdogo Rama, enzi zile anashughulikia makontena ya Uganda pale Kilindini. Mama yako akabaki na nyie kambini Naguru, wewe ulikuwa praimari ya nne.

Jumapili tarehe 11 Rama akatoa televisheni nje uani, waya ukapitishwa dirishani, majirani wakaja na vigoda vyao, kuna mama alikuwa anatukaangia viazi karai. Fainali ilianza saa tatu na nusu usiku, Hispania na Uholanzi, na niseme ukweli ule haukuwa mpira, ilikuwa mateke. Yule de Jong alimpiga mwenzie teke la kifua, refa akatoa kadi ya njano! Ya njano! Nikawaambia pale pale huyu refa angepewa mataa ya Jinja Road magari yote yangegongana, watu wakacheka sana, halafu baadaye nikaja kusikia kumbe yule Howard Webb na yeye ni sajenti wa polisi kwao Uingereza. Basi dakika ya 116 Iniesta akafunga. Niliruka mama, nilimkumbatia mtu nisiyemjua hata jina.

Sasa piga hesabu kama nilivyopiga mimi. Bomu la mgahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, lilipasuka wakati wa mapumziko. Ya Kyadondo, ule uwanja wa raga walikokuwa wanaonyesha mpira, yakapasuka dakika tisini zikielekea kuisha, saa tano na kitu. Maana yake wakati mimi naruka uani kwa Rama, watu walikuwa wameshalala kwenye majani pale Kyadondo, na wenzangu ninaopiga nao zamu walishafika, wanapakia majeruhi kwenye pikapu za doria kupeleka hospitali ya Mulago. Zaidi ya watu 70 walikufa usiku ule. Na mimi mkononi nina kiazi.

Hilo halinisumbui, elewa vizuri. Nasema hivi ili usijisumbue na picha. Kinachonisumbua kilikuja baadaye.

Habari ilitufikia usiku wa manane, tukaanza kupiga simu haziingii, Rama akanunua kredo kwa jirani, akanunua tena, kila namba ya Kampala inalia tuu halafu inakata. Nilikuwa namuwaza Hamza. Umri wake ule, na Kyadondo kutoka kambini ni mwendo wa miguu, na mnajua wavulana wa kambi walivyokuwa wanaruka ukuta kwenda kutazama mpira. Kwenye alfajiri mama yako akapokea. Unajua alichosema? "Sisi wazima, Hamza nimemfungia ndani toka saa moja, alikataa kuosha vyombo." Nililia pale, Rama naye akalia, halafu tukacheka kama wendawazimu. Mama yako husimulia ya vyombo kila Idi na Hamza hukasirika, lakini mimi hata nikiisikia mara mia sichoki. Sufuria za maharage zilimwokoa mtoto wangu.

Asubuhi majirani wakaja kutoa pole, na pole za watu wa Mombasa ni pole kweli, mtu anakaa, anakunywa chai, anakushika mkono hauachii. Lakini kuna mzee mmoja akaniambia, nyie Waganda mlifuata nini Somalia? Jeshi letu lilikuwa Mogadishu toka 2007 na Al-Shabaab walisema wazi ndo sababu wametupiga. Sikumjibu, mgeni hagombani kwenye kibaraza cha mwenyeji. Ila Oktoba ya 2011 Kenya nao walipoingia Somalia nilimpigia Rama usiku huohuo, nikamwambia kamuulize yule mzee wako sasa anasemaje. Rama alikataa kwenda. Mpaka leo namdai hilo jibu.

Nikarudi. Sikuitwa na mtu, nilipanda basi tu. Busia walitushusha wote, wakapekua mpaka chupa ya asali ya mama yako wakaifungua wakainusa. Kufika Kampala bendera zimeshushwa nusu mlingoti, wiki nzima ya maombolezo, kila mlango una mtu anakupapasa na kile kidude kinacholia, na mpaka leo kiko, nyie vijana mnadhani kanisa na supamaketi vilizaliwa nacho.

Nikaenda gwaride. Hapo sasa. Wenzangu wamesimama macho mekundu, mmoja ananitazama kiatuni mpaka kofia, nilikuwa nimenona kidogo na jua limenipiga, akasema, "Karibu, Mombasa." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka, hata hakikuwa kibaya. Jina likabaki pale.

Na haikuwa jina tu. Miaka ilivyokwenda, kila tukikaa mtu ataanza, "siku ile ya Kyadondo", na wote wanaingia, huyu anakumbuka simu zilizokuwa zinalia kwenye mifuko ya maiti, yule anakumbuka kiatu cha nani, mwenzangu mmoja (unamjua, tulikuwa tunapakana mabati) hakuweza tena kukalia viti vya plastiki, akienda arusini anasimama ukutani mpaka wali unakwisha. Mimi sina la kusema. Nilikuwa wapi? Kwenye viazi. Mwaka 2016 kesi ilipokwisha na watano wakapewa kifungo cha maisha tulikuwa tunasikiliza redio pamoja, mmoja akaanza "siku ile", nikaondoka nikaenda kununua maji. Kiu sikuwa nayo.

Marehemu bibi yako alikuwa akisema msiba ni miguu. Hakuna pole ya simu, hakuna pole ya kutuma na mtu, unanyanyuka unakwenda, unakaa mkekani, hata kama umekaa kimya kutwa. Mimi hilo naliamini na nimewafundisha hivyo, ndo maana mnajua kuzika hata watu msiowajua vizuri. Msiba ni miguu.

Lakini nikifikiri zaidi naona na upande mwingine, sitaki kukudanganya. Mwenzangu wa viti aliniambia pale Mulago usiku ule kilichowashinda ni miguu. Watu walikuja kwa mamia, ndugu, watazamaji, wenye huruma, wasio na kazi, mpaka machela hazipiti, wao polisi badala ya kubeba majeruhi wakawa wanasukuma wazima. Na juzi nilivyokwenda Kiteezi mwenyewe nimeona hivyohivyo. Katapila inachimba, kaloli, wale ndege wakubwa wala taka, wamejipanga juu ya taka wanatazama, na watu wamejipanga kwenye kamba wanatazama, wengine simu juu wanapiga video. Kijana mmoja ameshika muhogo wa kuchoma anatafuna anarekodi. Banange! Sasa miguu ile ni msiba gani?

Ndiyo, nilikwenda Kiteezi, hili sikukwambia kwenye simu kwa sababu uliniuliza ya tiketi tu. Nilikwenda kwa ajili ya Mama Night. Humkumbuki? Aliyekuwa anatufulia pale kambini, ulikuwa unalala mgongoni kwake hutaki kwenda kwa mama yako. Alihama akanunua kipande chake huko chini ya lile jaa, bei ilikuwa rahisi kwa sababu ya harufu, na taka za Kampala zinamwagwa pale toka 1996, kwa hiyo alipojenga mlima ulikuwapo, ila ulikuwa mbali na nyumba. Kila mwaka ukawa unamsogelea. Alishaniambia siku hizi mlima unatuchungulia dirishani, nikamwambia uza, akaniuliza nimuuzie nani.

Nilimkuta kwenye hema za Msalaba Mwekundu, mzima, amevaa sweta ya mwanamume. Mvua ya ile siku ilimfanya aende kulala kwa mtoto wake kwa sababu bati linavuja, wamerudi asubuhi hakuna bati, hakuna nyumba, hakuna mbuzi. Jirani zake wa upande wa juu bado wanatafutwa. Mpaka leo Jumatano wametoa miili zaidi ya 20 na redio kila saa inaongeza. Nilimpelekea blanketi na unga wa posho, nikakaa naye chini. Tukakaa. Sikusema kitu cha maana. Mara akaniuliza, Zaitun wangu yuko wapi? Mimi moyoni nikasema hii sasa aibu, nikamwambia yuko Zanzibar, kapumzika kidogo.

Mwanangu, yule mama akacheka! Amepoteza kila kitu, anacheka kabisa, anasema kumbe mtoto amefika huko, mwambie aniletee mdalasini na iliki za kwenyewe, nikipata pa kupikia niwapikie hawa pilau. Na akaniuliza kama bahari unaiogopa kama ulivyokuwa unaogopa karai la kuogea.

Sasa unaona ananivuruga. Mimi nilikuwa nimeshaandaa jibu lako kichwani njiani kwenye bodaboda, jibu zuri kabisa lenye bibi yako ndani, halafu mwenye msiba mwenyewe ananiagiza mdalasini.

Mama yako anasema hilo ndo jibu, kaa, maliza likizo uliyoilipia kwa jasho lako, rudi na viungo, na pesa ya kubadilisha tiketi mtumie Mama Night anunue godoro. Na hesabu yake iko sawa, siwezi kuipinga, godoro ni godoro. Ukija utafanya nini? Katapila huwezi kuendesha. Utasimama kwenye kamba.

Ila mama yako hakuitwa Mombasa.

Sisemi rudi. Nimekaa na hii barua toka asubuhi neno hilo liko kwenye kidole na silibonyezi, kwa sababu wewe ni mtu mzima, na kwa sababu miguu yangu mimi ilirudi ikachelewa vilevile, kwa hiyo sijui kama kurudi kungekusaidia au ungepata jina lako na wewe. Pengine kwako haitakuwa hivyo. Wewe si polisi, hakuna gwaride linalokusubiri, ofisini kwenu wataongelea Kiteezi wiki mbili halafu wataongelea mshahara. Lakini mtaani, Kiteezi na Lusanja jirani yake, hawataacha kusema "siku ile", na Mama Night ni mtu wetu. Hapo ndo ninapozunguka.

Kwanza mpigie. Simu yake iko chini ya taka, piga ya mtoto wake, namba atakupa mama yako. Usianze na pole ndefu, mwache aseme yeye. Usimtumie picha ya bahari mpaka aiombe, na najua ataiomba. Swaleh usimjibu.

Halafu ukishaamua, ukibadilisha tiketi niambie ndege inatua Entebbe saa ngapi nije kukuchukua, maana usiku takisi za huko siziamini. Usipobadilisha pia niambie, nisikae nasubiri.

Baba yako