Siku moja Guanajuato: nianzie wapi?

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni fundi viatu hapa Mwanza. Mungu akijalia, Agosti nitakwenda León, Mexico, kwenye maonyesho ya viatu, na nitakuwa na siku moja tupu. Wenzangu wanasema nikatembee Guanajuato, mwendo wa kama saa moja kwa basi. Mpwa wangu naye kanishikilia niingie makumbusho ya maiti zilizokauka, nimpigie picha. Nianzie wapi?
Fundi, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu. Nenda, tena uanzie mlimani. Wageni wengi huanzia kwenye viwanja vya katikati ya mji, wakala, wakapiga picha, jua likawachwea kabla hawajajua mji ule umejengwa kwa kitu gani. Wewe panda basi la mjini lililoandikwa "Valenciana". Agosti ni msimu wa mvua, na mara nyingi hunyesha alasiri, kwa hiyo asubuhi ndiyo yako.

Huko juu ndiko ulikokuwa mgodi wa fedha uliotajirisha mji mzima. Pale Bocamina San Ramón wanakuruhusu kushuka ngazi hadi ndani ya mwamba. Mimi nilishuka nikishika ukuta, jiwe lina unyevu, pumzi inanipungukia, maana mji wenyewe uko kama mita 2,000 juu ya bahari na mimi ni mtu wa pwani. Nilikuwa mikono mitupu. Wachimbaji walipanda na mawe mgongoni. Ukitoka, ingia kanisa la San Cayetano lililo karibu, lililomalizika mwaka 1788 kwa mali ya mwenye mgodi. Madhabahu zake tatu zimepakwa dhahabu kutoka chini hadi juu. Keti. Vumbi la shimo likiwa bado viatuni, ile dhahabu utaiona kwa jicho jingine.

Sasa nikwambie kilichonitoa machozi pale. Bibi yangu wa Unguja, Mungu amrehemu, alihesabu mahari kwa reale mpaka siku zake za mwisho. Nilikua nikidhani neno hilo limezaliwa Uarabuni. Asili yake ni Kihispania, real, na sarafu kubwa ya fedha ilikuwa ya reale nane. Fedha ya milima hii ilipelekwa Mexico City, ikapigwa sarafu zenye nguzo mbili, zikavuka bahari hadi Manila, China, India na kwetu. Wazee wa pwani walizitazama zile nguzo wakaona mizinga ya vita, wakaziita reale ya mzinga. Jasho la watu wa shimo lile lilifika mpaka kwenye mahari zetu, mwanangu, na sisi hatukuwajua.

Teremka mjini uende Alhóndiga de Granaditas, ghala la nafaka lenye kuta kama ngome. Tarehe 28 Septemba 1810 Wahispania na matajiri walijifungia humo na mali zao, jeshi la padri Miguel Hidalgo, aliyeongoza uasi dhidi ya utawala wa Kihispania, likawazingira. Husimuliwa kwamba mchimbaji aliyeitwa Pípila alijifunika bamba la jiwe mgongoni, risasi zikigonga, akatambaa hadi mlangoni akauchoma moto. Mwaka uliofuata Hidalgo na wenzake watatu waliuawa, na vichwa vyao vikatundikwa kwenye pembe nne za ghala hilo, vikakaa hadi 1821. Lizunguke lote, usiikose pembe hata moja.

Chakula: Mercado Hidalgo, soko lenye paa la chuma lililofunguliwa mwaka 1910. Agiza enchiladas mineras, chapati ndogo za mahindi zilizochovywa kwenye mchuzi wa pilipili, jibini ndani, viazi na karoti juu. Zinashibisha. Callejón del Beso, kichochoro ambacho baraza zake za juu zinakaribia kugusana, ni cha kupita tu. Barabara ya chini ya ardhi, iliyokuwa njia ya mto uliokuwa ukifurika, inatosha kuitazama hatua chache.

Kuhusu maiti, mwambie mpwa wako hapana. Kuanzia mwaka 1865 walifukuliwa watu ambao jamaa zao hawakulipa ada ya kaburi, na wamo watoto wachanga. Mimi nilifika mlangoni nikageuka. Maskini aliyenyimwa kaburi kwa kukosa ada, nami nilipe kiingilio kumtazama? Sikuweza, na wewe sikushauri.

Jioni, nyuma ya Teatro Juárez, kuna kigari cha reli kinachovutwa kwa kamba ya chuma hadi kwenye sanamu ya Pípila. Panda nacho, uone nyumba za kila rangi zilivyobanana bondeni, kisha ushuke kwa ngazi. Ni za mawe na mvua huziacha zikiteleza, kwa hiyo vaa soli inayong'ata. Usichelewe: stendi ya mabasi ya León iko nje ya mji, na teksi hadi huko ina mwendo wake.